Kipande cha Kati

Sijapata kuona katikati ya sinema.
Mwanzo naujua. Mwisho naujua:
stelingi hafi, adui anaporomoka kwenye ngazi,
taa zinawaka, watu wanapapasa
kandambili zao chini ya viti.
Lakini kati, pale mambo yanapofungana,
mimi nilikuwa njiani na bakuli.

Mzee Nandonde, mwendesha mashine,
alinipitisha mlango wa nyuma bure
kwa sharti moja: mkanda wa pili ukianza,
nishuke mbio kwa Bi Somoe nikamletee tambi.

Mkahawa wenyewe ulikuwa baraza tu,
mabenchi mawili na jiko lisilozimwa.
Bi Somoe alizikaanga kwanza zikiwa kavu,
kwa samli ya kuhesabu,
mpaka zikapata rangi ya korosho iliyochomwa,
ndipo tui, ndipo sukari,
ndipo iliki aliyoiponda kwa kitako cha chupa ya soda.
Harufu ile ilipanda mpaka Mtanda.
Wanywa kahawa walinisogezea benchi:
"Haya, mwana sinema, wamefika wapi?"

Nami nisiyejua, nikawatungia.
Nilimuua shangazi wa stelingi, nadhani, mara sita.
Nilimpa adui mguu wa mti.
Nilimwoza binti wa tajiri kwa karani wa bandari
na kumwachanisha kabla tambi hazijaiva.
Bwana Chitanda, fundi baiskeli, alifuta macho,
akasingizia moshi.

Siku moja akakata tiketi yake mwenyewe.
Alitoka amenuna. Shangazi hakumwona.
"Umenitapeli, mtoto wewe."
Kisha, kikombe cha pili kikiwa mdomoni:
"Ila yako ilikuwa na uchungu zaidi."

Kurudi, nilikwenda taratibu.
Nilinyanyua kawa kidogo,
nikavuta uzi mmoja, na mwingine,
nikasawazisha juu kwa kidole.
Nandonde alitazama bakuli, akanitazama mimi.
"Panya wa Lindi," akasema, "wananukia iliki."

Alikula amesimama, sikio kwenye mashine.
Mkanda ulipokatika, ukumbi mzima ulipiga mbinja,
rudisha hela! rudisha hela!
naye hakuacha kutafuna.
Wembe, gundi, pumzi moja, basi,
ile nuru ikatoboa tena moshi wa sigara
kupita juu ya vichwa.
Vipande alivyokata alinipa mimi.
Ndio uliokuwa mshahara wangu.

Ninacho kimoja hadi leo, picha nne:
mwanamke ameshika mlango.
Ukikielekeza kwenye jua
huwezi kujua anafunga au anafungua.

Ukumbi sasa ni ghala la korosho.
Nilichungulia juzi. Magunia yamefika darini,
ila ule ukuta mweupe wameuacha kidogo pembeni,
upana wa kanga moja hivi,
na kile kidirisha cha Nandonde bado kiko wazi,
mjusi anaingia na kutoka
bila tiketi.
Kwa Bi Somoe wanatuma pesa kwa simu.
Nilisimama pale kwenye foleni
na sikuwa na mtu wa kumtumia.

Jana Hajrati, mjukuu wangu, alipika tambi za pakiti,
dakika tatu, zenye pilipili ya unga na kitunguu.
Nilizila. Sitazisema vibaya.
Tulikaa sakafuni, sinema ikienda
kwenye simu aliyoiegemeza kwenye chupa ya chai,
mimi nikasinzia, kama kawaida, kati.

"Babu, umepitwa. Nirudishe nyuma?"

Nikaona kidole chake kimeshanyanyuka.
Kumbe siku hizi ni kugusa tu.

"Usirudishe," nikamwambia.
"Niambie wewe. Wamefika wapi?"

Alinitazama, akatazama bakuli lake,
akailaza simu kifudifudi.
"Kuna shangazi," akaanza,
"lakini sidhani kama atapona."